Aliyeikata Kamba ya Bektur

Moscow, 4 Machi
Leo natimiza miezi kumi na minne tangu niondoke.

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, ila magoti yamekwisha kwa kutandaza vigae.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja Bektur unakata. Barua hii utaichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi miwili. Kwenye video Nurzat anamwita mara sita, hageuki. Karatasi ya peremende ikilia jikoni, anakimbia. Basi masikio anayo. Akitaka maji hanyooshi kidole, anauburuta mkono wa mama yake kama koleo. Na yale maneno yake matatu yamekwenda wapi?

Binti wa Dilmurod, ninayefanya naye kazi, alikuwa hivi hivi. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri hadi miaka mitano. Anasema, "Usinifuate mimi, mpumbavu. Mpeleke sasa." Mwache Nurzat ampeleke kwa daktari mjini Bishkek.

Mwanao, Talant


27 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni ule ule. Ng'ombe kazaa dume.

Mtoto haumwi. Alipoanza kutembea tulimfunga kamba miguuni, watu wakashindana mbio, na aliyeshinda akaikata ni nani? Omurbek, kaka yake Nurzat, ambaye hata akanyagwe na farasi hasemi! Mtoto hufuata tabia ya aliyemkatia kamba, unajua. Jumamosi namfunga upya, na Almaz muuza viazi atashinda, nimeshapanga naye. Huyo hanyamazi hata usingizini.

Bishkek haendi mtu. Unataka waseme tuna mwendawazimu?

Mama yako


9 Aprili

Talant, leo hata salamu sina. Wakimbiaji walipopigiwa kelele, mtoto aliziba masikio akalia mpaka akatapika. Almaz akakata kamba, akamwinamia ampigie porojo, akang'atwa. Watu wakacheka. Jirani akaniambia, "Bibi, huyo warudishie wajomba zake."

Asubuhi naamka, Nurzat hayupo, mtoto hayupo. Hakuniomba ruhusa. Ni wewe?

Mama yako


Moscow, 22 Aprili

Mama, shikamoo. Pole kwa siku ile.

Ni mimi. Nilimwambia Nurzat aondoke na asiombe ruhusa.

Daktari, mama mmoja, amekaa naye sakafuni siku mbili. Ni usonji, amezaliwa nao. Si kamba, si Omurbek, si maziwa ya Nurzat. Ameanza kufundishwa kuwasiliana, kwa michezo, na daktari amefurahi kwamba hatukuchelewa.

Hatuna mwendawazimu. Tuna mtoto asiyependa kelele. Jirani akifungua mdomo tena, mpe anwani yangu aniandikie mimi. Hasira zako nazipokea zote, Mama, lakini mtoto simfichi. Ukitaka tusikanyage kwako, sema mapema nitafute chumba mjini.

Nawasili Bishkek tarehe 15 Juni kuwachukua. Kijijini tutaingia tarehe 17, mchana, kwa njia ya sokoni, watu wote wakiona, Bektur nimembeba begani.

Mwanao, Talant