Josiane, Langu Lilikuwa la Polepole

Josiane,

Mi bado niko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalouma kuliko yote, na we hukupenda mtu azunguke maneno. Ni miezi saba tangu tukuzike kule Rugerero, na mi nakula, nalima, natukana majirani kama zamani. Miaka yangu imepita sabini, mingapi sijui, hakuna aliyeiandika. We ulikuwa na ishirini na tisa.

Anayeandika ni mdogo wako Claudine, kwa sababu unajua mi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Ananyoosha Kiswahili changu. Nimemwambia aache, Josiane atadhani barua imetoka kwa padri. Hata hapo najua amenyoosha. Kinyarwanda kingefaa, lakini mambo yetu mi na we tuliyasema kwa Kiswahili, kile cha barrière, pale mpakani, tangu mama yenu alipofariki nikawachukua nyinyi wawili, wajukuu wangu, na kuwafundisha kuvusha karoti kwenda Goma.

Bon. Habari za huku.

Mume wako anaishi Goma na mwanamke mwingine. Nilivuka kwenda kuwatukana. Yule mwanamke akanipikia sambaza, zile samaki ndogo za ziwani, tamu sana, nikazimaliza zote, ndipo nikawatukana. Mama mkwe wako anasema sokoni kwamba mi ndiye niliyekula miaka yako ili niongeze yangu. Mwanzoni nilimjibu. Sasa simjibu, kwa sababu hajui alivyoukaribia ukweli.

Ineza wako, yule uliyeniachia, anakimbia. Ananiita mama. Mara ya kwanza nilimrekebisha, mara ya pili nikaitika. Akisinzia anapapasa kifua changu, na kila mara anakwenda upande wa kushoto, ule waliokata. Anakuta kovu. Anaweka shavu hapo, analala.

Sasa nitasema ile siku. Claudine, andika kila kitu, usiruke.

Ulikuwa umerudi kutoka barrière, miguu ina vumbi, Ineza ana miezi mitatu. Ukaniambia, "Nyogokuru, iko kitu hapa. Haiumi." Nikagusa. Kigumu kama harage lililokataa kuiva. Nikakwambia ni maziwa yameganda. Nimenyonyesha watoto sita, nani angenipinga? Nikachemsha maji, nikakukanda na kitambaa cha moto mpaka ukauma meno. Nikakufunga majani ya zile kabichi za Busasamana ulizokuwa upeleke Goma kesho yake. Ukacheka. Ukasema, "Sasa mi mwenyewe niko muzigo wa kuvusha."

Wiki ya pili ukasema uende kwa daktari.

Hapo ndipo nilipokuua. Claudine hataki kuandika hilo neno, nimemwambia aliandike. Nilifungua blauzi, nikachukua mkono wako, nikauweka kwenye titi langu la kushoto. Sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote. Nikakwambia, "Gusa. Miaka mine iko hapo. Nimekufa? Kama mi muzee sijakufa, we kijana utakufa na nini?" Ukagusa. Ukalizungusha donge langu kwa vidole viwili, taratibu, kama unachagua nyanya. Nikaona uso wako unalegea. Ulifurahi, mtoto wangu. Ulifurahi kwamba na mi ninalo. Kesho yake ulipakia karoti ukaenda zako.

Tukakaa miezi mitano hivyo. Mi nikikanda, we ukiuza.

Nilidhani ugonjwa unamla kwanza aliyechoka. Nilidhani mwili wako, ule uliobeba gunia kutoka Busasamana bila kupumzika njiani, utalipiga hilo donge kama mnavyopiga teke mbwa wa sokoni. Ndivyo mi nilivyojua dunia. Mzee hufa kwanza, kijana humzika.

Uliponionyesha tena, ngozi ilikuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, na kwapani kulikuwa na jingine. Nikanyamaza. Ukaniangalia ukajua, kwa sababu mi sinyamazi.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke mdogo, umri wako. Nilimchukia mara moja kwa sababu hakutabasamu. Nikamwambia, na mi iko nalo, miaka mine, usimtishe mtoto. Akaniambia nivue. Akanilaza kitanda cha pili, akatuchoma sindano ya kupima sote wawili, tumelala tunaangaliana. Ukaniambia, "Nyogokuru, angalau leo huwezi kusema unaumwa zaidi yangu." Tukacheka mpaka akatufokea.

Majibu yalipokuja, jina la ugonjwa lilikuwa moja. Nitasema na hili: nilifurahi. Nikawaza, jina moja, njia moja, tutakwenda polepole pamoja.

Daktari akasema, "Hapana, Nyogokuru. Jina moja, tabia mbili." Akaeleza mara tatu, kwa sababu nilikataa kuelewa. Langu ni lile wanaloliona sana kwa wazee. Linakula homoni za mwili, na mwili wa mzee umebaki nazo kidogo, donc linatambaa. Lina kama mlango, na kuna dawa ya kumeza inayokwenda kuufunga. Lako lilikuwa la aina ile inayowapata zaidi vijana. Halikuwa na mlango huo, wala mwingine ambao dawa zao zinaujua, na chembe zake zinazaana mbio. Na titi la kijana, tena linalonyonyesha, limejaa, limebana, donge linajificha ndani yake hata picha inashindwa kuliona. Akasema si kila kijana na si kila mzee, wapo ambao inageuka. Nikamuuliza, na nguvu zake je? Akasema nguvu za mwenye mwili hazilitishi hata kidogo.

Ndipo nikajua mkono wako niliuweka kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Nilikuonyesha kobe, nikakwambia ndivyo na chui anavyotembea.

Mi wakanikata, wakanipa dawa moja ndogo ya kila asubuhi. We wakakupa zile za kwenye mshipa. Kila wiki ya tatu tulipanda basi alfajiri, na kurudi ulitapika kwenye mfuko wa plastiki uliouficha, maana mifuko yenyewe imekatazwa, ukasema polisi wakikukamata utawapa na kilichomo. Nywele zikaisha. Ineza akalia alipokuona. Kwa hilo na we ulilia. Mengine yote hukulia.

Mwezi wa tisa ukafa, asubuhi, mvua inanyesha. Nilikuwa nimetoka kumeza dawa yangu. Nimeimeza na leo.

Sasa sababu ya barua hii.

Wiki mbili zilizopita Claudine aliniambia ana kitu, titi la kulia, upande wa kwapa. Ana miaka ishirini na minne. Nikasema vaa viatu twende. Unajua alinijibu nini? "Lako lilikaa miaka mine, Nyogokuru." Vilevile nilivyosema mi. Nilimzaba kofi. Sijampiga tangu avunje ndoo. Tangu siku hiyo ana sababu kila asubuhi: barrière imefungwa mapema, karoti zitaoza, Ineza ana mafua. Leo nikamwambia, leta karatasi, nataka kumwandikia dada yako. Hakujua nitafika wapi.

Amesimamisha kalamu. Andika, Claudine. Mi unaweza kunidanganya. Dada yako huwezi.

Anaogopa, Josiane. Alikuogesha mwishoni, anajua mgongo wako ulikuwa umebaki nini. Daktari alisema madonge mengi ya wasichana si kitu, yanakuja tu na hayaui. Labda na hilo ni hivyo. Lakini mi sina tena kidole cha kujua lipi ni lipi, na yeye hana. Jibu siliogopi. Naogopa ile miezi mitano.

Sikuombi msamaha. Ungenisamehe, nakujua, ungesema "Wacha, muzee," ukaendelea na kazi. Halafu ningelala vizuri, na mi sitaki kulala vizuri. Nakupa ahadi badala yake. Katika nyumba hii sitasema tena ni maziwa. Hakuna mtoto wako wala wa dada yako atakayetulizwa na mwili wangu. Ineza akianza kuota matiti ataambiwa kila kitu, na mi, au na Claudine kama sitakuwepo, na ataambiwa habari za kofi nililompiga huyu, na kwamba lilikuwa dogo. Na Claudine asipopanda basi nitambeba mgongoni na kovu langu hili, tupite sokoni mama mkwe wako aone.

Pumzika, mtoto wangu. Uliniwahi kwenda mahali pangu, na mi bado nina hasira na we kwa hilo. Nitakuja, lakini polepole, ndivyo walivyoniambia, ndivyo nilivyopewa.

Claudine analia juu ya karatasi, utaona palipolowa. Ameniuliza mwisho aandike nini. Nimemwambia aandike siku na saa ya basi, halafu aweke jina lake, si langu.

Kesho, saa moja asubuhi.

Claudine