Taa za Miaka Kumi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Juni 14

Mpendwa mwanangu Ngongoti,

Pokea salamu za shangazi yako, aliyekuteremshia pindo la suruali kila muhula mpaka pindo likaisha. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka? Unakula, au unashindia chai? Mimi sijambo. Magoti yananisema kila nikikanyaga pedeli ya cherehani, lakini tumeshazoeana.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu, kila nikikuuliza unarudi lini, mtandao unakatika. Nikiuliza habari za mvua haukatiki. Mtandao wenu una akili sana! Barua haikatiki, kwa hiyo utaisoma mpaka mwisho.

Mzigo umefika. Zile taa zako za LED ziko salama, hakuna hata moja iliyopasuka. Asante, mwanangu, Mungu akuzidishie pale ulipopunguza. Lakini unanijua. Nimekula chumvi nyingi, na kitu kinachojisifu boksi zima, juu na ubavuni, mimi nakitazama kwa jicho la pembeni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwanza, eti wati tisa. Balbu zangu za zamani ni wati sitini! Nikasema, haya, mtoto ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu imeandikwa itadumu saa elfu kumi na tano, wakati zile za zamani zikifika saa elfu moja zimejitahidi. Nikamuuliza Shoti, yule fundi umeme jirani yetu, kama hizo ni saa zetu au saa za Kizungu, maana sisi tukisema saa moja wenzetu wanasema saba. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha. Mtu akikuahidi saa, lazima ujue anazihesabia wapi.

Na bei yake! Shoti anasema taa moja kama hii dukani ni sawa na balbu kadhaa za zamani. Dada yako, kwa kuwa ni muuguzi na kila kitu anakijua, akaniambia balbu ya zamani ni rahisi kuinunua ila ni ghali kuishi nayo, umeme mwingi inaumalizia kwenye joto badala ya mwanga. Sikumwamini. Nikawasha hizo mpya, nikasimama mbele ya mita kama askari wa zamu. Kisha nikarudisha za zamani, nikasimama tena. Haya, nimeshindwa. Yuniti zinakaa. Na taa yenyewe ukiigusa haikuunguzi vidole.

Tena kuna jambo jingine, roho inaniuma kulisema. Mwalimu mkuu aliirudisha suruali yake nyeusi nimpunguzie kiuno, na chini ya taa mpya nimegundua niliishona kwa uzi wa bluu. Ameivaa mwezi mzima mbele ya shule nzima, maskini. Kwa mwanga ule wa zamani rangi hizo zilikuwa mapacha.

Basi taa hazina kosa. Hapo ndipo nilipoanza kukushuku wewe.

Ulipopiga simu kuuliza kama mzigo umefika, ulicheka, ukasema, "Shangazi, kwa taa hizi hutanihitaji tena kwa miaka kumi." Nikacheka nawe. Simu ilipokatika kicheko kikaniisha. Hutanihitaji? Neno gani hilo la kumwambia mtu aliyekulea?

Unaijua dari ya sebule. Kaka yangu, baba yako, Mungu amrehemu, aliijenga nyumba hii kwa kipimo chake mwenyewe, akatusahau sisi wafupi. Tangu ulipoota ndevu, balbu ya sebuleni ni kazi yako. Ukija likizo, kabla hujavua viatu nakuonyesha juu. Unapanda kiti, unabadilisha, unashuka, unauliza kuna nini jikoni. Hapo ndipo moyo wangu unatulia, najua umefika.

Sasa mtu anayemtumia shangazi yake taa ya miaka kumi amepanga nini? Nilichukua umri wangu nikajumlisha kumi. Sikulipenda jibu.

Kama umeoa huko, sema, sing'ati. Kama kazi imeisha na unaona haya, sema pia, sahani yako ipo. Kama hutaki tu kurudi, niambie kwa kinywa chako nilie yaishe. Usinitumie balbu ije kukusemea.

Shoti ameweka taa zako jikoni, vyumbani na msalani. Ya sebuleni nimemkataza. Balbu ya zamani iliyokuwa pale imeungua Jumapili, na alipokuja na ngazi yake nikamwambia airudishe alikoitoa. Dada yako anajikwaa kwenye stuli na kuniita mbishi. Wageni tunawapokea jikoni. Majirani wanadhani tumeishiwa umeme, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Taa yako moja iko kabatini, haijafunguliwa. Njoo uipachike kwa mkono wako, ukishamaliza iwake hata miaka mia, sitailaumu.

Dada yako anakusalimu, pamoja na goti lake lenye uvimbe. Shoti naye anakusalimu, anasema ngazi ipo hata kwa warefu. Mungu akulinde huko uliko, akufungue moyo na njia ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye, ninayekaa gizani kwa makusudi,

Shangazi