Ile Toni Niliyoitoa kwenye Gitaa Lako

Kitale, Jumanne mchana

Baba yangu,

Mulembe. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na mahindi ya huko Matulo yameshatoa mbelewele, ama bado mnangoja mvua? Mimi mwili ni mzima ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi. Naandika mistari miwili, nasimama, nafagia duka ambalo nimeshalifagia, narudi. Ningepiga simu, lakini ukisikia sauti yangu huwa unasema "ngoja nikupe mama yako." Kwa hivyo tafadhali soma mwenyewe, usimpe Barasa akusomee.

Kaka Barasa alipita hapa Jumapili akaniambia yote. Ati kwenye arusi ya jirani, mashangazi walipoanza kumtoa bibi arusi nyumbani, ulizungusha kile kifundo cha toni ukaifunga kama kawaida yako ili gitaa lishuke liwe besi, nao wacheze polepole hadi mlangoni. Gitaa likakataa kushuka. Likaendelea kupiga yowe. Wanawake wakakosa pa kukanyaga, na mmoja akaita, "Si upunguze hiyo kitu, inatutoboa masikio!" Ukaliegemeza ukutani, mtu akaweka kanda. Anasema hata chakula hukugusa. Aibu iliyonipata, baba, sijui niiseme vipi.

Sasa nikwambie ambayo Barasa hayajui. Uliponiletea gitaa kwa sababu ya kukwaruza, nililifungua nikakuta kile kidude cha toni kimelika ndani, na kapasita yake, ile inayochuja ukali wa sauti, imepasuka. Hapa mjini sikupata vya kubadilisha. Bosi wangu, Mzee Abdalla, alisema, "Mwambie mzazi wako angoje, nitaulizia Eldoret." Nikamwambia hakuna haja. Nilikuwa nimewaona vijana wa kanisani wakiunganisha magitaa yao bila toni kabisa: waya unatoka kwa zile sumaku chini ya nyuzi, unapita kwenye kifundo cha sauti, basi, unatoka nje. Gitaa linalia safi, kali. Nikafanya hivyo hivyo. Wawili wao wakalijaribu hapa dukani, mmoja akaruka, "Nafula, bana, hii sasa ndio gitaa!" Nikavimba kichwa. Halafu, ili shimo lisibaki wazi, nikaweka kidude kibovu cha redio kishikilie kile kifundo cha toni. Hakina waya hata mmoja. Ulikuwa unazungusha kitu kisicho na kazi, na mimi sikukwambia.

Kwa nini sikungoja? Kwa sababu tangu niache chuo cha ualimu ukasema fundi wa redio si kazi ya msichana, hilo gitaa ndilo lilikuwa jambo la kwanza wewe kuniomba. Singeweza kukwambia "baba, sina spea." Nilitaka ulione limepona haraka. Ni kiburi tu, hakuna jina lingine.

Jana nilichokora mkebe wa takataka nikakipata kile kidude chako cha zamani. Nikakifungua tena. Ule mstari mweusi wa ndani umelika upande mmoja tu, ule wa kufunga. Upande wa pili ni kama mpya. Fundi yeyote mwenye akili angejua mwenye gitaa hili anaifunga toni kila siku ya Mungu, kwamba hana mpiga besi, yeye mwenyewe ndiye besi. Na mimi nimelala nikisikia besi hiyo tangu utotoni! Niliona kulika huko siku ile nilipokitoa, nikajiambia tu kimezeeka.

Kinachoninyima raha zaidi ni hii habari kwamba umekataa kupiga kwa arusi ya dada yangu Nasimiyu, ati atafutwe mtu wa kanda kutoka Webuye. Baba, usikubali. Nasimiyu atoke nyumbani kwako na kanda ya mtu mwingine? Hapana.

Mzee Abdalla ameshanipatia kidude kipya, baada ya kunifokea mbele ya wateja: "Unakata kiungo cha mgonjwa bila kumwambia?" Nina kapasita tatu. Ndogo inalainisha sauti kidogo, kubwa inaizamisha kabisa, ya tatu iko katikati. Nimezijaribu zote kwa gitaa la mteja na siwezi kuchagua, kwa sababu sikio linalohitajika si langu. Nakuja Jumamosi na vyombo vyangu. Nitachomelea moja, utapiga. Ukikataa naing'oa, naweka nyingine, mpaka useme, "Hapo!" Hata tukimaliza siku nzima.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kifua nitakuja nayo. Msalimie kukhu, mama yako, na senge Nelima dada yako, ambaye najua ndiye atakayemshika Nasimiyu mkono siku hiyo. Na Barasa, mwambie asante kwa kutonificha.

Baba, najua unaweza kuniona nikiingia uani ukachukua jembe ukaenda shambani bila neno. Umefanya hivyo mara mbili. Safari hii nakuomba unifokee. Simama hapo hapo uani, majirani wasikie, uniambie nimeharibu. Ni miaka mitatu hujanigombeza, na sikujua mtu anaweza kutamani hata kugombezwa.

Ni mimi binti yako,
Nafula