Gari Lililokohoa Kabla ya Kuingia

Mutsamudu, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Nassor,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umekuachilia, na bado unagombana na watu wasiorudisha spana zako. Mimi mwili haujambo. Echati naye hajambo, mimba imeingia mwezi wa sita, na anakula ndimu kwa chumvi mpaka mimi ninayemtazama ndiye ninayekunja uso. Mama anaendeleaje na macho yake? Mwambie nguo ya kanzu aliyonipa nimeshonesha na nimeivaa Idi, na watu walinisifu, ingawa walisifu zaidi kanzu kuliko mimi.

Utaona nimeandika Mutsamudu, na barua yangu ya mwisho ilitoka Moroni, kisiwa kingine. Mama mwambie tu kwamba nimehamia kwa wakwe. Huku nyumba ni ya mwanamke, na mume huingia na sanduku lake la nguo. Mimi niliingia na sanduku la spana, mama mkwe akauliza kama nimekuja kumwoa binti yake au kumtengeneza.

Ukurasa huu msomee Mama. Baada ya hapa sema mwandiko umeharibika, uichukue barua gereji ukaimalize peke yako. Sitaki ipitie posta, nitampa mpishi wa meli ya karafuu iliyofunga hapa bandarini, naye ameapa kukukabidhi mkononi.

Kaka, nimefanya jambo. Limeniganda kifuani na sina wa kumwambia ila wewe uliyenifundisha kushika tochi ya gesi.

Wale wazungu wa kukodiwa, walioingia na bunduki wakaiangusha serikali, niliwahi kukutajia. Huko Moroni walikuwa na pikapu ya kijivu waliyoitumia kuzungukia mitaa wakichukua watu. Dereva wao alikuwa mtu wa hapa hapa, Mngazija, jina lake Mmadi. Mtu mpole, umri wako. Kila akija kwangu kuziba pancha alivua viatu mlangoni, gereji ile iliyojaa mafuta mpaka darini, nami nikimcheka nikimwambia hapa si msikitini. Alikuwa akitabasamu tu na kuingia pekupeku.

Siku moja akaja peke yake. Akaniambia, "Fundi, nataka gari hili liwe na kelele."

"Wenzako wananiletea magari niyanyamazishe."

"Mimi nataka likohoe. Mtu mwenye adabu hukohoa kabla ya kuingia kwa watu."

Nikacheka sana. Nikamkumbuka Baba, Mungu amrehemu, na kile kikohozi chake cha ukumbini, kinamama wakivuta shiraa vichwani na sisi tukificha karata chini ya mkeka. Nikadhani Mmadi anataka kujitapa na gari la watu, kama madereva wote. Nikaifanya kazi, na nakwambia kweli niliifanya kwa raha. Niliikata sailensa kwa msumeno wa chuma, nikaipasua tumbo, nikatoa vile vibomba vya ndani vyenye matundu na manyoya ya chuma yaliyojaa masizi, kisha nikaifunga tena tupu. Kwa nje usingejua kitu. Mkiani nikaunga kipande cha bomba pana nilichokitoa kwenye mtambo mbovu wa kukamulia mafuta ya maua ya langilangi. Tulipowasha, bati la paa likaitika. Ukikanyaga mafuta gari lilinguruma, na ukiachia mguu lilikohoa mara mbili, kho, kho. Bomba likishapata moto lilitoa harufu ya langilangi iliyoungua, kama bibi harusi aliyesimama karibu mno na jiko.

Kapiteni wao, mzungu mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, aliposikia alimpiga Mmadi begani kwa furaha. Alidhani ni ya kuwatisha watu. Nami nilidhani hivyo hivyo, na sikujali. Nilikuwa najisifia uungaji wangu.

Echati ndiye aliyenizindua. Alirudi kutoka kisimani akaniambia kwamba mwalimu jirani yetu amenusurika kukamatwa, kwa kuwa alisikia gari likikohoa huko juu kwenye kona, akaruka ukuta wa nyuma na kuacha chai yake inafuka. Wiki ile ile wakamkosa mwingine, na mwingine tena. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Wazungu walikuwa wakivunja milango na kukuta vikombe vya moto na viti bado vina joto la watu. Ndipo nilipomwelewa Mmadi. Nilipomtazama usoni siku ya pili yake aliweka kidole mdomoni, akavua viatu, akaingia.

Kaka, hapa nisome polepole.

Siku moja Kapiteni alikuja saa nne asubuhi na askari wawili. Hakuwa anacheka. Mimi Kifaransa changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo Mmadi ndiye aliyekuwa mkalimani. Akasimama katikati yetu, pekupeku, akanitafsiria kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kapiteni anauliza, ni nani aliyeomba gari lipige kelele hii?"

Akanitazama, akanipa nafasi. Kaka, unajua sailensa inavyooza. Huko chumvi inakula chuma kama sisi tunavyokula mkate. Ningesema kutu. Neno moja, kutu, naye angelitafsiri, na yale masharubu yangelazimika kuamini. Lakini niliiona bunduki, nikamfikiria Echati na mimba yake changa, nikamnyooshea Mmadi kidole. Kapiteni hakuhitaji mkalimani wa kidole.

Mmadi hakubadilika uso. Akasikiliza yule mzungu anasema nini, akanigeukia: "Anasema ulinyamazishe sasa hivi, mbele yake." Nikalinyamazisha. Mmadi ndiye aliyenishikia bomba jipya nikiunga. Nilipomaliza akasema, "Kazi nzuri, fundi." Wakamwingiza nyuma ya pikapu, dereva mwingine akashika usukani, wakaondoka kimya kimya.

Viatu vyake vilibaki mlangoni.

Nilingoja siku nne mtu aje kuvichukua. Hakuja mtu. Niliuliza kwa mbali, nikaambiwa niache kuuliza. Mama yake anakaa njia ya Itsandra, na mimi nilianza kuzunguka kwa njia ndefu nisipite mbele ya nyumba yake.

Siku ya tano, baada ya sala ya alasiri, nilisikia kho, kho huko juu kwenye kona. Nikadhani masikio. Lakini mtaa wote ulisikia. Milango ya nyuma ikafunguka, nikaona mwanamume mmoja anakimbia na kiatu kimoja. Ngurumo ikateremka barabarani, ikapita mbele ya gereji yangu, karibu kiasi kwamba makopo ya misumari yalicheza rafuni, na hapakuwa na gari. Vumbi halikuinuka. Kuku aliyelala katikati ya njia hakuamka. Baadaye kidogo ile pikapu ya kijivu ikapita kimya, kama nilivyoitengeneza, ikaenda ikakuta nyumba tupu.

Nilirudi ndani. Lile bomba la langilangi nililokuwa nimeling'oa nilikuwa nimelitundika kwenye msumari. Nikaligusa. Kaka, lilikuwa la moto. Halijaungwa popote, limening'inia tu, na harufu ile imejaa gereji.

Ikawa hivyo mara tatu nyingine. Watu walikuwa wakishukuru Mungu, wengine wakisema ni malaika. Mimi nilijua ni nani. Na mara ya mwisho halikupita. Lilifika mbele ya mlango wangu, likapunguza mwendo, likakohoa, likabaki pale likiunguruma taratibu kama dereva anayemsubiri abiria. Nilijificha chini ya meza ya kazi, mtu mzima mwenye ndevu, nikisoma kila aya ninayoijua na kuzichanganya. Nilisema moyoni, amekuja kuchukua deni la kidole.

Kesho yake tukafunga virago. Kwenye boti ya kuja huku, kisiwa kimoja kimeshapotea na kingine hakijaonekana, nililitupa lile bomba baharini. Viatu sikuweza kuvitupa. Nilivishika juu ya maji, nikavirudisha kwenye sanduku la spana.

Miezi miwili hapa tumekaa kwa amani. Mtaa wa mama mkwe uko ndani ya mji mkongwe, vichochoro vyake ni vyembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Gari haliwezi kuingia hata likilainishwa kwa mafuta. Niliupendea hilo. Nilijiambia, hapa hatanipata.

Sasa Kaka, nikwambie ukweli ninavyoandika. Tangu mstari wa juu nasikia

*

Kaka, usishangae penseli. Niko Wani, nje ya mji, kwa mama mdogo wake Echati, na sasa ni Ijumaa. Tuko salama wote. Nitaendelea pale nilipoachia.

Nilisikia kho, kho. Ndani ya kichochoro. Ngurumo ikapanda ngazi za mawe, ikakata kona ambayo punda hupata taabu kuikata, na kuta zote zikatetemeka hadi chokaa ikamwagika kwenye karatasi hii. Utaiona alama yake. Halafu harufu. Ikasimama nyuma ya mlango wetu, ikakohoa, ikabaki inaunguruma.

Echati alikuwa ameshasimama. "Yusufu, twende juu."

Nikamwambia aende yeye, kwamba huyu amekuja kwa ajili yangu na ana haki yake. Hapo ndipo nilipolisema, mbele ya mama mkwe ambaye hakujua kitu: kwamba mimi ndiye niliyemtaja Mmadi, nimemuuza kwa kidole. Nililia, sikufichi. Nilitaka mlango ufunguke yaishe.

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele. Hakuacha hata kuuchagua. Akaniuliza, "Huyo mtu wako, anataka kukudhuru?"

"Ewa, mama."

"Sasa mbona anakohoa?"

Akaweka ungo chini, akajifunga shiraa yake, akanisukuma mgongoni kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri wake. "Mwenye kukohoa anakwambia jitayarishe. Basi jitayarishe, mume wa mwanangu, toka!"

Tulipanda darini. Huku madari yameshikana, unaweza kwenda nusu ya mji bila kugusa ardhi. Echati na tumbo lake mbele, mama mkwe akimshika mkono, mimi nyuma na sanduku. Tulishukia kwa shemeji wa mama mkwe karibu na soko, tukapata teksi ya abiria ya kuja Wani. Nilipogeuka pale darini, nilikitazama kile kichochoro kutoka juu. Kilikuwa kitupu. Kulikuwa na nguo za watu zimeanikwa, na hata hazikupepea.

Leo asubuhi jirani wa mama mkwe amekuja na habari. Askari wa Kapiteni walifika pale nyumbani punde tu baada ya sisi kutoka. Walikuja kwa miguu, watu sita wenye sare nyeusi na viatu vya mpira, hawakutoa sauti yoyote mpaka mlango ulipovunjika. Walikuwa wanamtafuta fundi wa Moroni. Inaonekana Kapiteni alichoka kukuta nyumba tupu, akaamua kwamba kelele bado ninaitengeneza mimi. Walipindua vitanda, wakamwaga mchele wa mama mkwe, wakaondoka.

Kwa hiyo Kaka, Mmadi alikuja kunitoa. Kule Moroni pia, siku ile niliyojificha chini ya meza, sasa nadhani alikuwa ananiambia nihame. Mimi nimemtoa kwa kidole, yeye kanifuata mpaka kisiwa kingine kunitoa kwa mlango wa juu. Sijui nifanye nini na jambo kama hili. Napata haya zaidi kuliko nilivyokuwa na hofu, na haya hii inauma kwa namna ambayo hofu haikuuma.

Nakuomba umsomee hitima, Mmadi, mtu asiye na kaburi linalojulikana. Waite wale wazee wa msikiti wa mtaani, wasiulize ni nani, waambie ni ndugu yangu. Mama usimweleze. Msalimie mno, na shemeji mkeo, na wanao wote mpaka yule aliyenivunjia redio. Msalimie fundi betri wa pale gerejini na mwambie jeki yake ninayo mimi, aache kumshuku msukuma mkokoteni. Shangazi mwambie mtoto akiwa wa kike atachukua jina lake. Akiwa wa kiume, jina lake nadhani umeshalijua.

Mama mdogo anaipeleka barua hii bandarini ndani ya kikapu cha samaki, kwa hiyo usiinuse. Sisi tutakaa kimya huku mashambani mpaka watusahau. Kisha nitarudi Moroni, siku moja tu. Viatu bado ninavyo, nimevipaka rangi. Nitapita njia ya Itsandra, ile fupi, mpaka nyumbani kwa mama yake. Nitavua vyangu mlangoni, nami nitakohoa kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Yusufu