Tope Lililopumzishwa

Kwako Dada Bok-hui,

Pokea salamu tele za nyumbani. Mkono uliovunjika unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakula, ila supu ya kombe wa baharini hataki hata kuinusa.

Dada, tope letu la pwani, tunamochimbua kombe, linafukiwa. Malori yameanza kumwaga mawe upande wa kaskazini, na kijiji kikapewa nakala ya karatasi iliyopitisha mradi wa kulifukia. Mama alinisimamisha mkutanoni niwasomee. Nikasoma: matumizi, hakuna, viumbe wa kutajwa, hakuna, faida ya kiuchumi, hakuna.

Wee! Akina mama waliangua kicheko. Mama Deok-su akauliza kama wanawe wanne walisomeshwa kwa upepo. Kisha kicheko kikakatika. Mama yetu akasema aliyeandika hayo ni mjinga wa kutupwa, aletwe avalishwe buti, azame topeni hadi kiunoni, ndipo ajue faida ni kitu gani. Akanishika bega mbele ya watu. "Huyu wangu kasoma. Atawaandikia wakubwa maneno ya kweli." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Unakumbuka nilivyoringia ile kazi ya ukarani mjini? Wapimaji wa ofisi yetu walikuja huku Februari, nami nikiwa karani wao, miezi ile tunayolifunga tope wenyewe, mtu haingizi mguu, ili kombe wachanga wakue. Wakakuta kimya, hakuna hata ndoo. Bosi akaniuliza mimi, mzaliwa wa huku, kama kuna anayelitumia. Nikamjibu limepumzishwa. Akacheka, akasema fomu yake haina neno hilo. Linatumika au halitumiki? Nami niliona haya kubishana, nisije nikaonekana mtoto wa topeni.

Ni mimi niliyeandika, Dada. Zile "hakuna" zote ni zangu. Mama angejua kusoma angeutambua mwandiko, maana ndio huu ninaomwandikia barua zake kwako kila mwezi.

Hapa nilipo amekaa ubavuni pangu, anamenya vitunguu saumu. Anadhani nawaandikia wakubwa. Sasa hivi ameniuliza, "Umewaambia kwamba tunalipumzisha?" Nimemjibu ndiyo, Mama, nimewaambia. Amefurahi, maskini, akasema basi wataelewa.

Nipe ujasiri, Dada, au njoo umwambie wewe. Msalimie Shemeji, wabusu watoto, na mkono usiutoneshe.

Mdogo wako,
Yeon-sil