Siku za Kimya Chini ya Rohtang

Jumatano, 14 Januari 1987

Leo mungu wa kijiji kaondoka. Kapanda mbinguni na wenzake kwa kikao chao cha kila majira ya baridi, na mpaka arudi, sisi huku chini hatupazi sauti. Hakuna kupasua kuni, hakuna kufuma, hakuna kuimba. Mbwa wamepelekwa bondeni. Mama mkwe kashindilia sufu kwenye kengele za ng'ombe, moja baada ya nyingine. Kafanya hivyo kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata.

Nimeolewa hapa kutoka bonde la Pattan, ambako watu huongea. Miaka inapita, sijazoea.

"Zangmo, unakanyaga kwa kishindo," mama mkwe kaninong'oneza jioni.

Kukanyaga! Nikamwambia kesho nitaruka. Hakucheka.

Gyalchhan, mume wangu, bado yuko ng'ambo ya mlima. Alikwenda mji wa Manali kuuza viazi vya mbegu, theluji ikaifunga njia ya mlimani ya Rohtang mapema, ikamwacha huko. Yeye anakula machungwa kwenye taa za umeme. Mimi nanong'onezana na mama yake.

Jumamosi, 17 Januari

Redio nayo marufuku. Nasikiliza chini ya blanketi, sikio limeganda kwenye spika. Wanasoma hali ya njia za milimani: Baralacha, theluji mpya mpaka kiunoni. Kunzum hapapitiki, upepo mkali. Hapo hapo blanketi likafunuliwa. Mama mkwe! Nikajiandaa kusemwa.

"Na Rohtang?" akanong'ona.

Anga wazi, nikamwambia. Baridi ya kupasua mawe.

"Zima sasa. Huna adabu."

Jumanne, 20 Januari

Nimeshitakiwa. Nilicheka kisimani, kwa sauti. Butith jirani aliteleza akaketi ndani ya ndoo yake mwenyewe — nani asingecheka? Baba Mdogo Palzor, mdogo wa marehemu baba mkwe, ndiye anayemsemea mungu hapa. Kaja mpaka mlangoni, kilemba kimenyooka, kanong'ona kwamba nikirudia nitatoa kondoo.

"Kondoo kwa kicheko kimoja?" nikamuuliza. "Basi ngoja nicheke cha kondoo mzima, nisipunjike."

"Shayiri ikikauka kiangazi, tutajua kwa nani tupeleke vikapu vitupu."

Niliumia, sitaki kusema uongo. Lakini simwogopi. Milima leo inaonekana wazi, kila kilele kina bendera yake ya theluji inayopeperuka kuelekea kusini. Kukiwa hivyo, hali ya hewa inatulia. Mtu angeweza kuvuka.

Alhamisi, 22 Januari

Butith kaja mbio, vishindo vyake vinasikika Tibet nzima, na hakuna aliyemshitaki. Mumewe Tobge yuko pamoja na Gyalchhan. Kaka yake Butith katoka kituo cha polisi kule chini, chenye redio ya kuzungumza na wa ng'ambo. Habari: wanaume watano, wote wa kijiji chetu, wao wawili wakiwamo, wamefika Marhi chini ya mlima upande ule. Wanavuka kesho, watoke kabla ya alfajiri, wawe wameshuka kabla upepo wa mchana haujaamka.

Butith kafurahi. Mimi nimetoka nje kuangalia juu.

Sikupenda. Barafu ya paa inadondoka matone — Januari! Hewa ya uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe. Zile bendera za vileleni zimegeuka, zinalala kuelekea kwetu. Taarifa ya redio inasema mawingu ya magharibi yatafika Jumamosi. Mawingu hayajui leo ni siku gani.

Nimemwomba kaka yake Butith arudi kituoni awaambie wasitoke. Kaenda, kapiga redio, Marhi hawajibu. Kaambiwa huenda betri zimeganda.

Mama mkwe anasema mungu hayupo, sasa nani atamlinda mwanawe? Nikamjibu kwa ukali. Kisha nikamtilia chai, chumvi na siagi tele. Tumekunywa bila kuangaliana. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa mahali pengine sitalisema.

Ijumaa, 23 Januari

Asubuhi. Anga nyeupe, haina juu wala chini. Upepo umeamka mapema. Rohtang siioni.

Baadaye. Theluji. Inakuja kwa ubavu. Nyumba ya Butith siioni, na ukuta wetu umepakana na wao!

Wangepaswa kuwa wamefika. Mteremko wa mwisho kabla ya kijiji ni mpana, hauna mti wala jiwe la kushika njia. Ukikosea kulia unaingia kwenye korongo la mto. Kila mtoto hapa anajua: ukipotea kwenye theluji ya namna hii, unasimama, unapiga mluzi, unasubiri wa nyumbani wakujibu.

Nilikuwa nakanda unga, jambo likanijia, mikono ikasimama.

Hawatapiga mluzi.

Ni watu wa kijiji hiki! Hata kule juu, pua zimeganda, watakumbuka kwamba mungu hayupo na sauti ni mwiko. Namjua Gyalchhan wangu. Msimu kama huu alijikata kidole kwa kisu akauma mkono wa koti, hakutoa hata sauti. Watapita hapo chini, hatua chache kutoka milango yetu, wanong'onezane kwa adabu mpaka korongoni.

Lazima wasikie kwamba wanaruhusiwa kupiga kelele. Na wa kuwaruhusu ni nani kama si sisi?

Mchana. Nimeshuka kupasha vidole moto. Nikikaa bure nitalia, kwa hiyo naandika.

Nilichukua sufuria kubwa ya shaba, ile ya kuchemshia pombe ya shayiri, nikapanda nayo juu ya paa tambarare kwa ngazi. Nikapiga kwa mwiko wa kupikia. Ee, nilivyopiga! Siku zote hizi za kunong'ona zilitoka mkononi. Milango ikafunguka. Watu wakaja na nyuso za msiba, kila mmoja kidole mdomoni. Butith akanishika miguu, analia, "Zangmo, dada yangu, utatuletea laana," huku mumewe yuko huko huko! Nikamwambia ashike mwiko apige, au aniachie miguu.

Palzor akapanda ngazi. Akasema nitaamsha mlima, theluji yote ya mgongoni itushukie.

"Iliposhuka mwaka juzi nani alipiga sufuria?" nikamjibu. "Nitatoa kondoo. Nitatoa zizi zima! Lakini leo sinyamazi."

Akanyoosha mikono aichukue sufuria. Hapo nikamsikia mama mkwe nyuma yake. Sikujua amepanda saa ngapi, na magoti yake mabovu yale.

"Shemeji," akasema. Hakunong'ona. Sauti yake ya kweli nilikuwa nimeisahau, nzito kama ya mwanamume. "Shemeji, mungu wako yuko mbinguni, amekaa mahali pakavu. Mwanangu yuko njiani."

Akaninyang'anya mwiko. Akapiga, akaelekeza uso kwenye ule weupe, akaita, "Gyalchhaaan! Ita, mwanangu! Mama yako anakuruhusu, ita!" Butith naye akafungua kinywa, akaita Tobge.

Sasa tunapokezana. Palzor hajashuka. Amekaa kwenye ukingo wa paa, theluji inamjaa mabegani. Ila kilemba amekipandisha juu ya masikio, ameelekeza sikio mlimani.

Jioni inakaribia. Upepo haujapungua. Sufuria imepasuka upande mmoja, inatoa sauti mbaya zaidi — afadhali, itafika mbali. Nyumba nyingine tatu zimeanza kupiga. Nani kawaambia? Hakuna. Laana sasa ni ya wote, na iwe.

Mama mkwe ameteremka nusu ya ngazi, ananiita. Anasema amesikia mluzi, upande wa korongo. Palzor anasema ni upepo. Mimi nimetoa kichwa nje, nimesikia upepo tu.

Nimemwambia Mama tushuke huko na sufuria. Tayari anafunga viatu.