Wewe Uliniuliza Maji

Jumapili, Nkende. Mvua imeanza asubuhi na mpaka jioni hii haijakata. Nina aibu, na sitaki kuzunguka mbuyu kabla ya kusema.

Mnaosoma humu kwenye blogu yangu mnajua kwamba kila wiki nasimulia upya hadithi fupi moja ya mapenzi na msiba kutoka nchi za watu. Mwezi uliopita msomaji mmoja aliniuliza kama huku Tarime ninakofundisha hadithi za aina hiyo hazipo. Nikamjibu, "Huku mapenzi ni ng'ombe tu, ndugu yangu." Mkacheka sana, nami nikajiona hodari wa maneno.

Mwenye nyumba wangu ni Bibi Wankuru. Mumewe alifariki bila kumwachia mtoto. Basi miaka michache iliyopita Bibi akatoa ng'ombe, akamuoa binti anayeitwa Robhi, ili Robhi azae watoto wa nyumba hiyo. Wakurya wanaiita nyumba ntobhu: mwanamke anaoa mwanamke, na ukoo haukatiki. Mimi mtu wa Morogoro niliiona kama mkataba wa kazi. Robhi achote maji, alime, azae, basi.

Na masikio nilikuwa nayo. Jioni walikuwa wakikaa jikoni kuchambua maharage, wakipiga soga kwa Kikurya, Bibi akicheka mpaka anakohoa. Jiko lao na chumba changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Jioni moja niliugonga ukuta ule ili wanyamaze.

Nilikuwa nasoma hadithi ya mapenzi.

Mwanzoni mwa mwezi huu Robhi aliugua ghafla, akafariki, na mtoto alikuwa bado hajapatikana. Msibani watu walimuuliza Bibi kama ng'ombe wake ndio wamepotea bure. Mimi nilijiona nina huruma kuwazidi. Nikapiga goti mbele yake, nikamwamkia, nikamuuliza, "Bibi, sasa nani atakuchotea maji?"

Aliitikia marahaba tu.

Leo nilikuwa barazani na kitabu changu, machozi yananitoka. Bibi akapita na ndoo ya kukingia maji ya mvua, akashtuka, akauliza kama kwetu kuna msiba. Nikamwambia ni hadithi tu. Akaiweka ndoo chini, akataka nimsimulie.

Ni hadithi ya mzee mmoja wa nchi za baridi, ambako theluji huanguka na kufunika njia. Mkewe alikuwa akitoka kila asubuhi kwenda kulisha kuku. Mke amekufa, kuku wameuzwa, lakini mzee bado anaamka na fagio, anamsafishia njia.

Bibi akafikiri kidogo. "Huyo mzee, watu walimpa pole?"

"Walimpa, Bibi. Kijiji kizima."

"Mimi waliniuliza ng'ombe," akasema. "Wewe mwalimu uliniuliza maji."

Hakusema kwa hasira. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Nilikifunga kitabu, mimi ninayelipwa mshahara kufundisha fasihi. Yeye ndiye aliyenionea huruma. "Ugali unabaki," akasema. "Kila siku napika, unabaki. Njoo tule." Kumbe ndiyo maana. Wiki zote hizi nilikuwa namwona asubuhi akiwarushia kuku ugali uliolala, nikadhani ni uzee, kwamba amesahau kipimo.

Tulikula jikoni. Nilikalia kigoda cha Robhi, kwa sababu vipo viwili tu. Nikasema, "Pole, Bibi, kwa kufiwa na mke wako." Neno hilo, mke, sikuwahi kulitamka juu ya Robhi bila kucheka kwanza. Bibi akajibu asante, akanisogezea mboga.

Sijui kama amenisamehe, na nimeona haya kumuuliza. Kesho nikitoka shule nitarudi pale jikoni, maharage yapo. Kitabu nitakiacha chumbani.

Lile jibu langu la mwezi uliopita bado lipo humu. Nilitaka kulifuta, halafu nikaona acha likae linisute. Chini yake nimemwandikia msomaji yule jingine: Zipo, ndugu yangu. Moja niliigongea ukuta, ikanyamaza.